Jiwe Lililokaa Juu ya Pipa la Ndengu

Mama aliyekuwa akiniuzia ndengu katika soko la Tulia amefariki. Alikufa asubuhi, saa ya wateja, akiwa ameketi nyuma ya kaunta yake huku sikio lake la kulia likiwa limelala juu ya jiwe, na wanawake waliokuja kununua maharagwe walisimama mlangoni kwa muda mrefu wakidhani anasikiliza. Walipoelewa, hakuna aliyeingia. Wanawake wa Tulia hawaogopi maiti, wameosha wengi, waliogopa jiwe. Wakangoja mpaka binti yake aliporudi kutoka kusaga unga, akaweka mzigo chini, akamwinua mama yake kichwa kwa mikono miwili. Walinisimulia kwamba shavuni palikuwa pamejichora mistari ya lile jiwe, mistari iliyopinda na kuzunguka, na kwamba haikutoka hata alipooshwa. Nilipomwona ndani ya jeneza, shavu hilo walikuwa wamelifunika kwa kitambaa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi kuandika habari za marehemu. Watu wakifa huwa wema ghafla, na mimi wema wa ghafla hunichosha. Lakini huyu hakuwa mwema wa namna hiyo. Mimi ni mtu wa Makueni, nyumbani ni kule Matiliku, ila mke wangu ni wa Tulia, na mwanamume aliyeoa Kitui hana budi kwenda kusalimia ukweni hata kama gari litachemka njiani. Kila safari nilipita kwa huyu mama. Mimi nilimwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu wote, naye aliniita mtu wa gazeti, kwa sauti ambayo angeitumia kumtaja mwuza sumu ya panya. Alikuwa mwembamba, mkali wa ulimi, na ndengu zake hazikuwa na mchanga. Mumewe alimwacha mjane angali kijana, na duka, na mtoto mmoja wa kike.

Mume huyo alikuwa mvunja mawe Pwani. Likizo yake ya mwisho alirudi na jiwe ndani ya mfuko wa nguo: la mviringo, zito, kiasi cha sahani ya chai, rangi ya udongo uliochomwa, nalo lilijizungushia lenyewe kama nyoka aliyelala, likiwa na mbavu nyembamba kuanzia nje hadi katikati kabisa. Alimwambia mkewe kwamba alilikuta ndani ya jiwe jingine alipolipasua kwa nyundo. Hakusema zaidi, na mwaka haukuisha kifua kikamuua. Mjane alilichukua akaliweka juu ya kifuniko cha pipa la ndengu ili panya wasikiinue. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka, na hakuna mteja aliyejishughulisha nalo.

Kisha yakatokea mambo ya mzinga wa nyuki. Wanaume wawili waligombania mzinga, mmoja akidai mwenzake ameushusha kutoka kwenye mgunga wake na kuichonga upya alama ya ukoo ili uonekane wa kwao. Waliingia dukani kwa Mwaitu kukwepa jua, wakaendelea kurushiana maneno, na yule aliyeshtakiwa akapiga mkono juu ya jiwe kwa nguvu. "Kama nimedanganya," alisema, "huu mkono ukauke kama hii jiwe!" Wiki hiyo hiyo, akiwa anafunga mbuzi, mkono ule ule ulimning'inia na mdomo ukaenda upande. Daktari alisema ni presha. Tulia nzima ilisema jambo jingine, na mzinga ukarudishwa kimyakimya kwenye mgunga wake.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, kithitu ni kiapo cha Wakamba, na pia ni kile kitu chenyewe kinachoapiwa. Chaweza kuwa pembe, chaweza kuwa kifurushi ambacho hakuna ajuaye ndani yake kumefungwa nini. Ukikiapia uongo kitakula wewe kwanza, kisha kitageukia watu wa nyumba yako. Basi tangu siku ya mzinga, jiwe la Pwani likawa kithitu, na duka la ndengu likawa mahali ambapo watu hushusha sauti. Wateja waliingia na kutoka wakiwa wameficha mikono ndani ya leso. Walanguzi wanaojaza magunia mchanga wakaacha kupita kwake. Mchungaji wa kanisa lake alikuja mara kadhaa na kumwomba alitoe, naye kila mara alimjibu, "Pasta, mimi sijasema ni kithitu." Ilikuwa kweli, hakuwahi kusema. Lakini hakuwahi kukana pia, na jiwe lilibaki juu ya pipa.

Alikuwa na sababu. Mumewe aliacha ndugu wawili, na tangu matanga hao mashemeji walikuwa wakilitaka duka na ploti yake. Hoja yao ilikuwa fupi: hakuna mtoto wa kiume, kwa hiyo nyumba ya ndugu yao imekwisha, na mali ya nyumba iliyokwisha hurudi kwa wenyewe. Wazee walimshauri Mwaitu afuate desturi, aoe msichana atakayemzalia watoto wa kiume kwa jina la nyumba yake, akakataa kwa kuwa ameokoka. Binti yake aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi na watoto wake, na mashemeji wakaanza tena kupima ploti kwa hatua za miguu. Baada ya mambo ya mzinga walikoma. Walikuwa wakipita ng'ambo ya barabara, wanasalimia kwa mbali, wanakwenda zao.

Sasa nije kwenye sehemu yangu. Miaka michache iliyopita nililipiga jiwe picha kwa simu nikamtumia rafiki yangu ambaye kazi yake ni mawe ya kale. Alinipigia saa hiyo hiyo akiuliza nimelitoa wapi, nikamwambia Kitui, akacheka. Alisema mawe ya Kitui yalipikwa na joto la chini ya ardhi mpaka yakageuka kabisa, wala huwezi kukuta kitu kama hicho ndani yake. Nilipomweleza habari za marehemu mvunja mawe, aliacha kucheka. Aliniambia kwamba nilichopiga picha ni mnyama, anaitwa amonaiti, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi, aliyeogelea wakati sehemu ile ya Pwani ilipokuwa chini ya bahari na mijusi mikubwa ikitawala nchi kavu. Alijijengea gamba chumba baada ya chumba, akawa anaishi katika kile cha mwisho na kuviziba vya nyuma. Alikuwa na mikono. Alikuwa na macho. Alikufa akazama kwenye matope, matope yakamjaa na kuwa jiwe, naye akabaki na umbo lake. Nikauliza kama wenzake bado wapo. "Hayupo hata mmoja," rafiki yangu alisema. "Si huyo peke yake, ni ukoo mzima. Wamekwisha."

Nilimpelekea Mwaitu habari hizo nikiwa nimejaa furaha ya mtu mwenye jambo jipya. Alikuwa anapeta ndengu kwa ungo, akaendelea kupeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza swali moja tu, kama huyo mnyama aliacha watoto. Nikamwambia ukoo wake wote umekwisha duniani. Aliligeukia jiwe akalitazama kwa muda.

"Na bado amekalia pipa langu," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mtu wa gazeti, umeambia nani?"

"Sijamwambia mtu, Mwaitu. Nilitaka niandike."

"Usiandike. Siku utaandika hii ni konokono ya bahari, hao wawili watakuja na kufuli. Ngoja nikufe kwanza."

Nilimwahidi. Akaweka ungo chini, akaniambia nisogee nitege sikio kwenye jiwe. Alikuwa akifanya hivyo mwenyewe mara kwa mara. Wateja walishamkuta ameinama pale, macho yamefumbwa. Nikatega, nikasikia baridi tu. Nikamweleza kwamba ganda la baharini huvuma sikioni kwa kuwa ni tupu ndani, lakini hili limejaa, halina nafasi ya sauti. Akanitazama kwa huruma.

"Mimi bahari sijawahi ona," alisema. "Lakini mvua ikikaribia, hii kitu inatoka maji, na huko ndani nasikia maji ingine, mingi, inaenda na kurudi. Sasa wewe niambie hiyo ni nini."

Nilijua, kwa sababu ukweni walinithibitishia, kwamba alipanda kabla ya majirani na mvua ikamfuata nyuma mara nyingi kuliko inavyopaswa. Nililipia ndengu zangu nikaondoka. Njia nzima hadi Matiliku nilikuwa nafuta sikio, na sikujua nafuta nini.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na hasira yangu haijapoa. Sheria ya nchi hii inampa mjane haki yake, na inampa binti haki ile ile ambayo angepewa kaka yake kama angezaliwa. Imeandikwa, imechapishwa, machifu wanaitangaza kwenye baraza. Lakini sijawahi kumwona mtu akishusha sauti mbele ya sheria hiyo pale Tulia, wala Matiliku, wala Kasikeu. Watu wanashika kitabu kitakatifu mahakamani asubuhi, wanaapa uongo, na jioni wanakula wakashiba na kulala fofofo. Mwanamke mmoja akahitaji mnyama aliyekufa kabla ya kuwapo kwa binadamu ili amlinde binti yake dhidi ya ami zake. Tukimcheka kwa ushirikina wake, tujiulize kwanza sisi tulimpa nini kingine cha kushika. Mimi binafsi nilimpa ahadi ya kunyamaza, na bado naona ilikuwa ndogo.

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa uani chini ya hema, na uwanja mzima ulikuwa umejaa. Kabla ibada haijaanza mchungaji alisimama, akasema kwa upole kwamba kanisa linampenda dada yetu, ila haliwezi kumchukua wakati kile kitu bado kiko ndani ya nyumba. Kitolewe kwanza. Wanaume walitazama viatu vyao. Binti wa marehemu aliyekuwa ameketi karibu na jeneza alinyanyuka akaenda kusimama kwenye mlango wa duka, kama mtu anayeziba upepo. Ndipo shemeji mkubwa akainuka. Alikuwa amevaa koti, na mfuko mmoja wa koti ulikuwa umevutwa chini na kitu kizito kilichochomoza nusu. Kila aliyekuwa karibu aliona ni kufuli, jipya, bado limo ndani ya karatasi yake.

"Kithitu hufa na mwenyewe," alisema. "Huyu mama hakupatia mtu. Sasa hakuna kitu ya kuogopa hapo. Ni mtu mwenye kusoma tu atusaidie." Akanielekeza kidole. "Huyu anaandika kwa gazeti. Aende ashike, aseme mbele ya watu, hii ni kithitu ama ni jiwe tu? Kama ni jiwe tu, tunaitupa kwa mto, tunazika shemeji yetu vizuri, na ploti inarudi kwa familia. Si hivyo ni sawa?"

Watu waliguna kukubali. Mimi nilibaki nimekaa, jasho linanitoka. Nikisema ni kithitu, mwanamke aliyeimba kwaya maisha yake yote atazikwa bila maombi, kama mchawi. Nikisema ni jiwe tu, nitakuwa nimeshika kufuli kwa mkono wangu mwenyewe na kulifunga mlangoni. Nilimtazama binti. Hakuniomba chochote, ila alisogea kidogo ili nipite.

Ndani kulikuwa na harufu ya magunia. Nilipofika kwenye pipa nilikuwa nimeshaamua. Ningedanganya, ningesema ni kithitu, na hasira ya mchungaji ningeibeba mimi, siyo mtoto wa watu. Watu walikuwa wamejazana mlangoni na dirishani. Nikaweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa limelowa. Nje kulikuwa na jua kali, vumbi tupu, wingu hata moja halikuonekana, na lile jiwe lilikuwa limelowa kabisa, maji yamejaa katikati ya mbavu zake. Nikafungua mdomo kusema uongo wangu, na sauti haikutoka. Nasema hivi mimi mnayenijua, nisiye na tabia ya kuona majini: sauti ilikataa. Nilihisi kwamba chini ya mkono wangu kuna anayengoja nitasema nini.

"Si kithitu," nilisema.

"Bwana asifiwe," mchungaji akaitikia. Shemeji akatia mkono mfukoni.

"Na si jiwe."

"Sasa ni nini?" shemeji akauliza.

"Ni mnyama. Alikuwa anaishi kwa maji, kabla Mungu hajaweka mtu hapa duniani. Alikufa, na hajaoza mpaka leo. Huu ni mwili wake umegeuka hivi. Alikuwa na mikono mingi. Ukoo wake wote umekwisha, dunia nzima hakuna mwingine wa kwao. Lakini yeye yuko. Mama alikuwa anajua. Nilimwambia mimi mwenyewe."

Hakuna neno hata moja ambalo rafiki yangu wa mawe angelikosoa. Nilikuwa sijawahi kusema ukweli mtupu namna hiyo mbele ya watu wengi, na niliona nyuso zikibadilika kuanzia mlangoni kurudi nyuma, kadiri waliosikia walivyokuwa wakiwaambia wasiosikia. Kisha umati ukaachia njia. Yule mzee wa mzinga wa nyuki alikuwa amekuja kuzika, mkono wake mkavu umefichwa ndani ya koti. Alijivuta mpaka kizingitini akasimama hapo.

"Ilikuwa na macho?" aliniuliza.

"Ilikuwa nayo, mzee."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa swali la miaka mingi. "Nilijua iliniona," alisema.

Shemeji mdogo ndiye aliyeondoka kwanza, akisema amesahau kitu nyumbani. Mkubwa alirudi kwenye kiti chake akaketi, akalitoa kufuli mfukoni na kuliweka kando yake. Mchungaji aliniuliza kwa sauti ya chini kama huyo mnyama aliumbwa na Mungu, nikamjibu kwamba sijui mwumbaji mwingine. "Basi kanisa haina shida na kitu Mungu ameumba," alisema, akaamuru kwaya ianze, na yeye mwenyewe akahamisha kiti chake mbali na mlango wa duka. Mwaitu akazikwa kwa nyimbo zake zote, kando ya mumewe, ndani ya ploti yake. Hakuna aliyetaja tena habari za mto, maana angetakiwa kulibeba jiwe mwenyewe.

Watu walipotawanyika, binti alinifuata mpaka kwenye gari. Mkononi alikuwa na lile kufuli jipya. Shemeji alikuwa amelisahau kwenye kiti, pamoja na funguo zake, na hakurudi kulifuata.

"Anko," alisema, "yale ulisema ni ya kweli yote?"

"Yote."

"Basi andika. Mama alikukataza kwa sababu alidhani ukweli ni mdogo."

Hilo ndilo somo langu, na nimefundishwa na binti aliyekuwa bado na udongo wa kaburi miguuni. Mimi nilikuwa nimekaa na ukweli huo miaka yote nikiuona kama sindano itakayotoboa kitu na kukimaliza. Niliamini mtu akishaeleza jambo, hofu yake imekwisha, na wanyonge waliojificha nyuma ya hofu hiyo watabaki uchi. Kumbe nilikuwa sijauelewa ukweli wenyewe. Kithitu kingekufa na mwenye nacho. Huyu wa juu ya pipa amemzika kila mtu, na bahari yake, na ukoo wake, na hakuna shemeji wa kumwambia kwamba nyumba yake imekwisha. Njiani kurudi Matiliku nilijipangusa mdomo kwa kile kiganja nilichokuwa nimeweka juu yake, nikasikia chumvi. Inawezekana ni jasho langu.

Basi nimeandika, kwa ruhusa. Duka linafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni kwa kufuli jipya kabisa, ndengu hazina mchanga, na kifuniko cha pipa kiko kama kilivyokuwa. Kama kuna mtu anayeamini kwa moyo wake kwamba ploti ile ni yake, hakuna atakayemzuia mlangoni. Aingie, aweke mkono, aseme.